Kisanduku cha Karibu

Neno lilikuwa moja tu, na Sindano alidhani mdogo wake ndiye aliyeliandika.

Alikuwa amefungua kompyuta asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye cherehani, aone kama wasomaji wameuliza chochote kuhusu somo la kola. Juu ya ukurasa, ndani ya kisanduku cha kijani alichotengenezewa jana yake, palikuwa na maneno anayoyajua: "Karibu ndani. Kaa, nyumba ni yako." Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa pameongezwa: "Nimekaa."

"Kasuku!" aliita kuelekea jikoni. "Umeanza utani wako asubuhi asubuhi?"

"Utani gani, Dada? Mimi hata uso sijanawa."

Hawa walikuwa ndugu wawili wa kike, wakiishi na mama yao ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena. Mkubwa alikuwa fundi wa nguo, na jina la Sindano alipewa na wateja kwa sababu ya wembamba wake na maneno yake machache yanayochoma. Mdogo, waliyepishana kwa miaka kumi na miwili, alikuwa kinyume chake. Watu walisema ukimfungia Kasuku kwenye chumba kitupu, jioni utamkuta amegombana na ukuta na wamepatana. Pamoja waliendesha blogu ya masomo ya ushonaji. Sindano alikata na kueleza, Kasuku alipiga picha na kuandika.

Tabu ilikuwa dashibodi, yaani ule ukurasa wa ndani ambao msomaji hauoni, unaofunguliwa kwa nywila. Vitufe vilikuwa vingi kama vifungo kwenye kopo, na siku moja Sindano alibonyeza asichokijua akafuta masomo matatu. Alilia kimya kimya, na mdogo wake hakuusahau mgongo wake ulivyotikisika. Ndiyo maana Kasuku akatafuta plagini, kijiprogramu cha kuongeza, kinachokuruhusu kuondoa makorokoro ya dashibodi na kuweka wijeti zako mwenyewe: visanduku unavyoviandika upendavyo. Akaviacha vitatu tu. Kimoja cha kuandika somo, kimoja cha maswali ya wasomaji, na juu kabisa kile cha kijani cha kumkaribisha dada yake. Plagini iliuliza kisanduku hicho aonyeshwe nani. Kasuku akachagua "Yeyote."

"Tuko wawili tu humu, Dada. Tutamficha nani?"

Sasa alikuja akijifuta mikono, akalisoma lile neno, akacheka, akalifuta. "Hitilafu tu hiyo."

Kiti cha wateja, kile cha mbao kilichokuwa dirishani, kikalia kama kinavyolia mtu mzito anapojigeuza. Wote wawili wakakitazama. Kilikuwa kitupu.

"Hata kiti kimechoka na wateja wako," alisema Kasuku, na wakaendelea na kazi.

Mchana, walipompelekea mama yao chakula chumbani kwake, aliinua uso akauliza, "Mgeni wenu bado hajaondoka?"

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo aliyekaa pale mbele tangu jana jioni. Hasalimii. Anapumua kama mtu aliyetoka kupanda ngazi."

Sindano alienda chumba cha mbele. Hapakuwa na mtu. Harufu tu ndiyo ilikuwepo, ya kitambaa kilichoungua kwa pasi. Aliigusa pasi, ilikuwa baridi, na waya wake ulikuwa umeviringishwa juu ya rafu.

Siku ya pili neno lilikuwa limerudi na mwenzake: "Nimekaa. Hapa pazuri." Kasuku hakucheka. Alibadilisha nywila zote, kisha akafungua orodha ya watumiaji. Palipaswa kuwa na majina mawili. Palikuwa na mistari mitatu, na wa tatu ulikuwa mtupu, hauna jina wala tarehe. Aliufuta, ukarudi. Akaufuta tena, ukarudi.

"Ni wezi wa mitandaoni, Dada. Wametuingilia. Naing'oa hii plagini yote, tuanze upya."

Akaing'oa. Ukurasa ukajifungua polepole, na yale makorokoro ya zamani hayakurudi. Vitufe vyote vilikuwa vimetoweka. Katika weupe ule wote kilibaki kisanduku cha kijani peke yake, katikati, kama mlango kwenye ukuta usio na nyumba.

"Zima," Sindano alinong'ona.

Wakazima. Ilikuwa saa nane mchana, ile saa mtaa unapolala baada ya chakula, maduka yamerudisha milango nusu na hata watoto hawasikiki. Harufu ya kuungua ikapanda kutoka upande wa kile kiti ikawajia usoni, ya moto, kama pumzi.

Siku ya tatu Sindano alitaka kompyuta isifunguliwe. Lakini hofu ya Kasuku siku zote ilitokea mdomoni. Aliketi, akafungua, na kabla hajazuiwa akaandika ndani ya kisanduku: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Unaongea naye?" Sindano alimshika bega. "Una wazimu?"

"Namfukuza kwa adabu."

Akaondoa mikono. Herufi zikaanza kujitokeza, moja moja, taratibu, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja. "Jembe langu liko wapi?"

Na Kasuku, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha swali bila jibu, alinyoosha mkono akasema kwa sauti, "Si hilo hapo, cherehani!"

Akaanza kucheka. Kicheko kikakatika katikati, maana pedeli ya cherehani ilikuwa imeshuka, ikapanda, ikashuka tena, na gurudumu likaanza kuzunguka polepole, kisha mbio, na sindano ikawa inapanda na kushuka bila uzi, bila kitambaa, ikishona hewa kwa mshono mrefu ulionyooka, huku kiti cha wateja kikiwa kimesogezwa mbele ya cherehani na hakuna aliyemwona aliyekisogeza, na kutoka chumba cha nyuma mama akiita, "Nani anashona? Huyo si Sindano! Sindano hakanyagi hivyo!"

Walikimbilia kwa mama yao wakafunga mlango. Cherehani ilishona mpaka alasiri, ikanyamaza.

Walipotoka, skrini ilikuwa inawaka. Kulikuwa na somo jipya kwenye blogu, limeshachapishwa, na wasomaji walikuwa wameshaanza kushukuru. "Ahsante mwalimu." "Somo zuri, ila picha ziko wapi?" Kichwa chake kilikuwa "Vazi la Kukaa Nalo." Chini yake palikuwa na vipimo. Bega, inchi kumi na nne na nusu. Kifua. Kiuno. Mkono wa kulia, inchi ishirini na mbili. Mkono wa kushoto, ishirini na moja na nusu. Kisha vikaja vipimo ambavyo hakuna fundi anayevichukua: kutoka kooni hadi kwenye moyo, unene wa ulimi, upana wa mboni ya jicho.

Sindano alisoma mara moja tu, akavitambua. Nguo zote za mdogo wake, tangu sare za shule, alizishona yeye, na ule mkono wa kushoto ulipungua nusu inchi tangu Kasuku alipouvunja utotoni. Hakumwambia. Alisema tu, "Kaa na Mama. Usitoke," akachukua mtandio akaenda kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, akiishi mitaa miwili mbele, nyuma ya duka la misumari. Alisifika kwa jambo moja, kwamba hakuwa akimdanganya mtu. Alikuja na mkoba wake, akasimama kizingitini, hakuingia.

"Aliingia mwenyewe, au alikaribishwa?"

"Alikaribishwa," Sindano alijibu. "Bila kujua, Bibi."

"Kwa mdomo au kwa maandishi?"

"Kwa maandishi."

"Akapewa kiti?"

"Tulimwambia akae."

"Na kazi? Niambie hamkumpa kazi."

Sindano aligeuka akaitazama cherehani. Mganga akaketi pale pale kizingitini kama mtu aliyetembea safari ndefu. "Binti yangu, aliyevunja mlango namtoa. Aliyepotea njia namwonyesha njia. Huyu hakuvunja wala hakupotea. Huyu ni mwenyeji kama nyinyi."

"Jaribu, Bibi. Nakuomba. Jaribu hivyo hivyo."

Alijaribu. Alisomea maji, akayanyunyiza kwenye kiti, kwenye cherehani, kwenye kompyuta iliyozimwa, na alisoma mpaka sauti ikamkauka. Harufu ikapungua, ikaisha. Mama akasema toka chumbani, "Ameacha kupumua." Wakatazamana. Kasuku akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akawasha jiko kuchemsha chai, na kama bomba lililozibuliwa akaanza kumsimulia mganga habari za mteja mmoja aliyetaka gauni la harusi lishonwe kabla hajapata mchumba.

"Nikamwuliza, sasa bwana harusi akiwa mfupi? Akaniambia, wewe shona tu. Na mama yake naye akaja, akanishika mkono, akaniambia..."

Akanyamaza.

Sindano alisubiri neno linalofuata. Mdomo wa mdogo wake ulikuwa wazi, na ulimi ulikuwa ukisogea ndani kama unatafuta pa kulala, kisha mabega yakapanda yakashuka, kwanza moja kisha jingine, kama mwanamke anayejaribu gauni jipya mbele ya kioo, na shingo ikageuka kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, na viganja vikateremka taratibu ubavuni vikilainisha mikunjo ambayo haikuwepo, halafu mkono wa kushoto ukanyooshwa mbele, ukavutwa, ukavutwa zaidi, mpaka kitu kikalia kwenye kiwiko kwa mlio mdogo mkavu na ile nusu inchi iliyopungua miaka yote ikatimia, na machozi yakamtiririka Kasuku mashavuni huku uso wenyewe umetulia, hauna habari nayo.

"Unabana mkono," ilisema sauti ya Kasuku. "Lakini utalegea."

Sindano alimrukia, akamshika nguo kifuani, akainua mkono ampige. Mganga akaudaka.

"Usimpige! Atakayeumia ni mdogo wako."

"Yuko humo?"

"Yuko. Yuko ndani, kama bitana ya koti."

"Anasikia?"

"Anasikia kila kitu." Mganga alikuwa akikusanya vitu vyake. "Ndiyo maana nakuambia, usimpige, wala usimtukane. Nisamehe, binti yangu. Mimi nimeshindwa, na atakayekwambia anaweza, muulize kwanza kama aliwahi."

Wapo waliosema wanaweza. Sindano aliwaendea wote. Mmoja alitoka mbio akaacha viatu. Daktari alipima akasema afya ni njema na mkono umepona vizuri sana. Sindano aliiponda kompyuta kwa nyundo na kuwaandikia wenye mtambo uliohifadhi blogu waifute, nao wakaifuta siku hiyo hiyo. Haikusaidia kitu. Aliyekuwa amekwisha kuvaa hakuwa na haja ya mlango tena.

Kile kilichomvaa Kasuku hakikuwa na fujo. Kiliamka mapema, kikafagia, kikakaa kwenye kiti cha dirishani, kikashona, na kilishona vizuri kuliko Sindano. Hakikuzungumza ila kikiulizwa. Wateja walisema, afadhali yule binti amekua, ametulia. Kila jioni Sindano alikaa mbele yake akasimulia mambo ya siku nzima, nani amepita, nani amegombana na nani, umbea wote wa mtaa. Yeye aliyekuwa na maneno machache alijifunza kusema mpaka koo likamuuma, ili yule wa ndani asikie. Macho yale yalimtazama bila kupepesa. Mara mbili katika miezi minne yalilengwa na machozi, na Sindano hakujua kama hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu au la kuomba lisitokee tena.

Mama alikataa kata kata. Kikimkaribia na sahani aligeuzia uso ukutani. "Nyayo hizi si za mwanangu," alisema. "Ondoa." Alikula kwa mkono wa Sindano tu, kila siku kidogo kuliko jana, na usiku alimwita Kasuku kwa jina lake la udogoni, lile ambalo wenzake walilisahau.

Siku moja Sindano alichelewa kurudi kutoka dukani alikoenda kununua vifungo. Alipoingia, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, na mlango wa mama ulikuwa wazi. Alisikia sauti, akasimama ukumbini, mfuko mkononi.

"Najua si wewe," mama alikuwa akisema. "Usinidanganye, mimi nimezaa. Niambie kweli. Mwanangu yuko humo?"

"Yumo."

"Ananisikia?"

"Anakusikia."

Kitanda kikalia kidogo. Kisha Sindano akamsikia mama akijisogeza ukutani, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake pa kulala.

"Basi leta mkono," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, kwa upole, kama alivyokuwa akiwaambia walipokuwa wadogo wakitoka mvuani. "Mbona mna baridi hivi, wanangu? Sogeeni. Sogeeni wote wawili, niwapashe."