Kisima Kilichogeuzwa Choo

Kila asubuhi Nyaguthii alifungua duka lake, akafagia mlangoni, akapanga mikate. Duka lake liko nje ya Eldoret, ukielekea Soy, juu ya mteremko. Chini ya mteremko kuna kijito. Kando ya kijito kuna chemchemi, na watu wote wa kule chini huchota maji hapo.

Nyaguthii alikuwa mchapa kazi. Alikuwa pia na mdomo, tuseme ukweli. Neno likimfika kooni, halikulala humo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Adero, aliyeuza samaki wa kukaanga karibu na chemchemi. Mmoja kwao Nyeri, mwingine kwao Siaya, lakini ungedhani wametoka tumbo moja. Saa kumi, chai ikiiva, Adero alipanda mteremko na kikombe chake cha bluu mkononi.

"Mama Wachira, umeweka sukari au umeionyesha tu?" angemuuliza Nyaguthii.

"Kunywa, Mama Lynette, uache maneno!"

Miaka mitatu iliyopita, maji ya mfereji yalifika kwa Nyaguthii kwa bomba. Kisima chao cha zamani kikakosa kazi. Wakati huo mumewe, Githinji, alikuwa bado hai. Choo chao kilikuwa kimejaa, na Githinji hakupenda kazi ya kurudia.

"Shimo la futi arobaini liko tayari," akasema. "Mbona tuchimbe lingine?"

"Kweli," Nyaguthii akacheka. "Hilo halitajaa mpaka tuzeeke."

Wakajenga choo juu ya kisima. Wakajiona wajanja. Jamani, rahisi hatimaye ghali! Mwaka uliofuata Githinji akaaga dunia, na Nyaguthii akabaki peke yake anayejua kilichokuwa chini ya choo kile.

Mwaka jana watu wa chini wakaanza kuhara. Lynette, binti ya Adero, akapata homa ya matumbo. Siku mtihani wa kidato cha nne ulipoanza, yeye alikuwa amelala hospitalini.

Adero akapanda mteremko. Siku hiyo hakubeba kikombe.

"Mama Wachira, maji ya chemchemi yamebadilika. Yana ladha mbaya. Huku juu kwenu hakuna kitu kinavuja?"

Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza rafiki yake. Lakini dukani kulikuwa na wateja, na Nyaguthii akawaka.

"Kwangu? Maji yangu ni ya mfereji! Angalia hizo samaki zako na inzi wao. Wewe ndiye unawapatia watu ugonjwa!"

Mdomo huo! Kufikia Ijumaa, kila mtu alikuwa anasema hivyo hivyo. Samaki wa Adero wakakosa wa kuwanunua. Mwisho wa mwezi akapakia vitu vyake kwenye pikapu, akahamia Cheptiret, upande wa pili wa Eldoret. Nyaguthii alimwona kupitia dirisha la duka. Hakutoka kumuaga.

Adero alihama na samaki wake. Kuhara hakukuhama. Watoto wa chini waliendelea kuugua kama kawaida. Nyaguthii aliliona hilo vizuri sana, na moyo ukaanza kumsumbua. Lakini hakumwambia mtu habari za kisima.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mwanamume mmoja alikuja kijitoni na chupa nyingi na mashine ndogo. Aliitwa Javan Otiende, fundi wa maabara kutoka chuo kikuu kule Chepkoilel. Alipima maji juu, akapima katikati, akapima chemchemini. Mchana akapanda dukani kununua mkate na soda.

"Unatafuta nini huko chini?" Nyaguthii akamuuliza. "Dhahabu?"

Javan akacheka. "Natafuta njia ya maji, Mama. Yale yanayopita chini ya ardhi."

"Utaonaje kitu kilicho chini ya ardhi?"

"Kuna gesi inaitwa redoni. Hakuna mtu anaiweka, inatoka yenyewe kwenye mawe. Huwezi kuiona wala kuinusa. Lakini maji yakikaa chini kati ya mawe, yanaibeba. Yakitoka nje, inapotea hewani haraka."

Nyaguthii akakunja uso. "Mimi sikusoma hayo. Niambie kama mtu wa jikoni."

"Haya. Mtu akitoka jikoni kwenye kuni, si ananuka moshi? Akitembea kwenye upepo, moshi unaisha. Sasa ukikutana naye bado ananuka, utajua nini?"

"Ametoka jikoni sasa hivi."

"Umeshaelewa, Mama! Maji yenye redoni nyingi yametoka chini ya ardhi sasa hivi. Mwaka jana tulienda na mashine hii mpaka Kilifi, baharini. Kuna maji ya ardhini yanaingia baharini kwa chini, wala huwezi kuyaona. Tulipima kwa mashua, mahali kwa mahali. Redoni ikipanda, tunajua maji ya ardhi yanatokea hapo. Na kama huko bara watu wamemwaga uchafu ardhini, maji hayo yanaubeba mpaka kwa samaki."

"Ngai, Mungu wangu! Uchafu wa bara ufike baharini?"

"Maji hayajui mpaka wa shamba la mtu."

Nyaguthii akaweka soda juu ya kaunta bila kuifungua. "Na hapa? Umepata nini?"

"Kijitoni kwa juu, redoni ni kidogo sana. Chemchemini ni nyingi. Kwa hivyo maji yale hayatoki kijitoni. Yanatoka ndani ya mteremko huu. Redoni yenyewe haikuwaletea watu homa. Inatuonyesha njia tu. Lakini tumepima pia uchafu, na viini vya choo viko kwenye maji hayo." Akatazama juu, nyuma ya duka. "Mama, kuna nini huku? Shimo refu? Kisima cha zamani?"

Githinji alikuwa kaburini. Adero alikuwa Cheptiret. Angesema "hapana", nani angejua? Jina lake lingebaki safi, na watoto wa chini wangeendelea kunywa.

Nyaguthii akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Choo changu," akasema. "Choo changu ni kisima."

Javan hakumkemea. Pengine angemkemea ingekuwa afadhali. Alimweleza tu. "Kisima kinafika kwenye maji. Ukikigeuza choo, umeweka uchafu ndani ya maji yenyewe, hakuna udongo wa kuuchuja. Choo kizuri, chini yake kunabaki udongo mkavu kabla ya kufikia maji. Na kinajengwa mbali na kisima au chemchemi, si juu yake."

Kesho yake alikuja na afisa wa afya, mama mmoja aitwaye Nakhumicha. Watu wa chini wakaambiwa waache chemchemi, na maji mengine wayachemshe. Lori likaja, likanyonya shimo. Wakatia chokaa, wakajaza udongo, wakashindilia, wakafunika kwa zege. Choo kipya kikachimbwa upande wa pili wa shamba, shimo lake fupi, mahali Nakhumicha alipopima.

Jumapili, kikundi cha akina mama kilipokutana baada ya kanisa, Nyaguthii akasimama.

"Ugonjwa ulitoka kwangu," akasema. "Adero hakuwa na kosa. Samaki zake hazikuwa na kosa. Mimi nilimharibia jina, na nilifanya hivyo kwa mdomo huu." Akalia mbele yao wote.

Miezi ikapita. Javan alipima chemchemi mara tatu. Mara ya tatu hakuona kiini cha choo hata kimoja. Kuhara kulikuwa kumekwisha kule chini. Siku hiyo Nyaguthii akafunga duka mapema, akaenda Cheptiret.

Alimkuta Adero kando ya barabara, anakaanga samaki. Akamweleza yote, kuanzia kisima mpaka kikundi. Adero alisikiliza huku akigeuza samaki.

"Nilikuuliza tu," Adero akasema mwishowe. "Sikukulaumu. Nilikuuliza kama dada yangu."

"Najua. Nisamehe, Mama Lynette. Mtoto yuko aje?"

"Amepona. Anarudia mwaka. Wenzake wameenda chuo."

Adero akamimina maji kutoka kwenye birika, akampa. Kilikuwa kile kikombe cha bluu.

"Kunywa. Nimechemsha. Siku hizi nachemsha yote."

Nyaguthii akanywa mpaka tone la mwisho. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Utarudi? Chemchemi ni safi sasa. Kila mtu anajua ukweli."

"Hapa nimeshapata wateja."

Magari yakapita. Nyaguthii akarudisha kikombe.

"Saa kumi," akasema, "bado naweka chai ya watu wawili."

Adero akatoa samaki mmoja kwenye mafuta, akamfungia kwenye gazeti, akamwekea mkononi.

"Weka ya mmoja, Mama Wachira," akasema.