Sauti Juu ya Mnazi

Baiskeli ilikuwa imekwisha kupita soko la Kakuyuni, na Kavumbi, aliyepakiwa nyuma huku ameshika tandiko kwa mikono miwili, alikuwa akikariri kwa mara ya tatu.

"Ulimwona nani?" aliuliza baba yake, Menza, bila kugeuka.

"Dzombo."

"Akifanya nini?"

"Akimkokota beberu wetu kwenye njia ya Sabaki."

"Basi. Usipunguze, usiongeze. Korti haipendi mtoto anayetafunatafuna maneno."

Ilikuwa mwaka 1984. Kavumbi alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku nyingine saa hizo angekuwa akifagia darasa la sita pamoja na wenzake. Leo alikuwa akienda mahakamani Malindi kutoa ushahidi. Beberu wa baba yake aliibwa mwezi uliopita, na jirani yao Dzombo, mgema wa tembo, alikuwa rumande tangu wiki ile. Menza na Dzombo walikuwa na ugomvi wa mpaka tangu zamani, kwa hiyo Menza hakuhitaji kufikiri sana kumpata mwizi.

Kavumbi alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Asubuhi ile hakuona uso. Aliona mgongo wa mtu mwenye shati la kaki, na kiunoni ananing'iniza kotama, kile kisu cha wagema. Alipomweleza baba yake, Menza akasema, "Kotama? Ni Dzombo huyo." Hata walipofika kituo cha polisi, askari alipouliza, "Ni Dzombo uliyemwona?" Kavumbi akajibu ndiyo. Neno likaandikwa, na yeye akatia sahihi.

Mahakamani kulikuwa na mabenchi marefu, na watu wamekaa kimya kama kanisani. Dzombo aliletwa na askari, akapandishwa kizimbani. Alikuwa amekonda. Karani alimsomea shtaka la wizi wa mbuzi, naye akajibu kama alivyojibu mara ya kwanza: "Si kweli."

Upande wa mashtaka ulisimamiwa na Inspekta Kamande, mtu wa bara mwenye sauti nene. Menza alitangulia kutoa ushahidi, akaeleza jinsi alivyoikuta kamba ya beberu imekatwa. Kisha Kavumbi akaitwa.

Kabla ya kumwapisha, hakimu aliweka kalamu chini. Sheria ilimtaka ahakikishe kwanza kwamba mtoto anaelewa maana ya kiapo.

"Unasoma?"

"Darasa la sita, bwana hakimu."

"Kuapa ni nini?"

Kavumbi alifikiri. "Kwetu wazee huapisha kwa shoka lililotiwa moto. Mwongo huungua mkono."

Watu wawili watatu walicheka. Hakimu hakucheka.

"Hapa hatuna shoka," alisema. "Mtu akisema uongo hapa, anayeungua huenda akawa mwingine. Umenielewa?"

Kavumbi alitazama kizimbani, akainamisha kichwa. "Nimeelewa."

"Vizuri. Utatuambia ulichoona kwa macho yako na ulichosikia kwa masikio yako. Maneno ya watu wengine yana wenyewe. Wakitaka, watakuja kuyasema wenyewe."

Akaapishwa. Kamande alimuuliza aliona nini, naye Kavumbi akayatoa maneno ya njiani kama alivyoyakariri. Menza alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kamande akakaa.

Hakimu akamgeukia Dzombo. "Huna wakili. Una haki ya kumuuliza shahidi maswali wewe mwenyewe. Maswali, si matusi."

Dzombo alishika ukingo wa kizimba.

"Kavumbi mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nikitaka kupanda mnazi, nafanya nini kwanza?"

"Unaita."

"Naita vipi?"

"'Wenye nyua jisitirini, mgema yuko juu.'"

"Kwa nini naita?"

Kavumbi aliona haya. "Kwa sababu ua wa kuogea hauna paa."

Hapo benchi zima lilicheka, na askari mlangoni akakohoa kuwanyamazisha.

"Siku ile ya beberu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naoga, niende shule."

"Niliita?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Wito wa Dzombo ulikuwa kama jogoo. Nani hukumbuka kwamba leo jogoo amewika? Lakini sasa aliisikia ile asubuhi upya. Mgema aliita, naye akachutama na kujifunika kwa leso. Alivaa. Aliposhika kijiti cha mlango, akamwona mtu akipita na beberu. Na papo hapo, nyuma ya nyumba, juu ya mnazi wa pili, sauti ikaita tena.

Alimwangalia baba yake. Menza alikuwa amemkazia macho. Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu, na baiskeli ni ya Menza.

"Uliita mara mbili," alisema Kavumbi. "Mara ya pili ndipo nilipomwona yule mtu anapita. Sauti ilikuwa juu, nyuma ya nyumba. Mtu alikuwa chini, njiani."

Inspekta Kamande alisimama na karatasi mkononi. "Polisi uliwaambia ulimwona Dzombo. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu. Niliulizwa kama ni Dzombo, nikakubali. Sikuona uso. Niliona mgongo na kotama."

"Kotama ni ya Dzombo peke yake?"

"La. Hata Lewa, msaidizi wake, anayo."

Dzombo alisema taratibu, "Niliwaambia nilikuwa juu ya mnazi. Wakataka shahidi. Mnazi hauongei."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema mahakama haikuletwa hapo kubahatisha nani alichukua mbuzi. Kazi ya kuthibitisha ilikuwa ya upande wa mashtaka, nao haukuthibitisha. Dzombo hana kesi ya kujibu, aachiliwe.

Walirudi hadi nusu ya njia. Kwenye mlima Menza alishuka, akaikokota baiskeli.

"Umeniaibisha," alisema.

"Nisamehe, baba."

Wakaenda hatua kama ishirini.

"Sikiliza. Mimi nilipoteza mbuzi mmoja. Leo nilikuwa karibu kumpoteza jirani, na mwanangu nimfanye mwongo juu yake. Nilikupa maneno yangu ukayabebe kama yako. Siku nyingine ukiulizwa, sema ulichoona. Usichokiona, sema hukukiona, hata kama anayekuuliza ni mimi."

Dzombo alirudi kugema. Akikaribia ua wa Menza aliita kwa sauti kubwa kuliko zamani. Menza hakumwomba radhi kwa mdomo, ila alimpelekea kikapu cha mihogo, na ule mpaka wakauwekea mawe pamoja. Inspekta Kamande alihamishiwa bara. Kavumbi alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986. Sasa ni fundi wa kushona Matsangoni. Beberu hakupatikana. Lewa aliondoka Kakuyuni wiki ile ile, na miaka miwili baadaye alifungwa Kilifi kwa wizi wa baiskeli. Kama ndiye aliyemchukua beberu, hakuna aliyeona, na kwa hiyo jambo hilo hapa halisemwi.