Taa Mlangoni pa Hema

Walimkuta chini ya tuta kubwa la mchanga, upande ule usioonekana kutoka kambi ya wageni, amejikunyata kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Viatu miguuni, kitambaa kichwani, mikono kaificha kwapani. Jua lilishapanda na mchanga ulianza kuchoma, lakini yeye alikuwa wa baridi.

Inspekta alichuchumaa akamtazama bila kumgusa. Askari wenzake walimpachika jina la Kobe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya jambo haraka haraka. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, wa magoti yanayolalamika kila akiinama.

"Kaanguka, Afande," alisema sajenti wake. "Kateleza kule juu, kaja kujipiga kwenye haya mawe, basi. Tuandike ajali tukanywe chai."

"Chai haikimbii."

"Na wewe hukimbii. Ndiyo maana mnaelewana."

Daktari wa polisi hakucheka. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, glavu mkononi.

"Kifundo cha mguu kimevunjika," alisema. "Kichwani hana kitu. Hakufa kwa kuanguka, Inspekta. Kafa kwa baridi. Huku mchana ni tanuri, usiku ukiingia ni barafu."

"Kwa hiyo alikaa hapa akiwa hai?"

"Muda mrefu. Tazama kucha, zimejaa mchanga. Alijaribu kujiburuta." Daktari akakunja mkono wa gauni la marehemu. "Halafu kuna hii."

Juu kidogo ya kiwiko kulikuwa na michubuko ya bluu, imejipanga kama vidole.

"Mtu kamshika," alisema Inspekta.

"Kamshika sana."

Sajenti hakuitaja tena chai.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mapazia, mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa na ambaye ujana wake wote uliishia kwenye nyumba ya mama yake. Alikuja kambini Ijumaa kwa basi, na begi dogo, kukaa hadi Jumapili. Peke yake. Mpishi wa kambi ndiye aliyezungumza naye zaidi, na sasa alikuwa akijipangusa machozi kwa aproni.

"Alikuwa na furaha ya kitoto, Afande. Jana asubuhi nikamuuliza, umelalaje? Akaniambia, 'Dada, nimelala katikati ya kitanda! Toka nizaliwe sijalala chumba cha peke yangu.' Anacheka mwenyewe. Akaniuliza kama ni dhambi kumwacha mgonjwa nyumbani siku mbili. Nikamwambia, si kuna wengine? Akasema, 'Wapo. Ila wamezoea kwamba nipo mimi.'"

Inspekta aliangalia pembeni. Alimkumbuka dada yake mwenyewe, aliyebaki nyumbani na wazazi wakati yeye anakwenda chuo cha polisi. Hakuwahi kumuuliza kama naye alikuwa na mahali alipotaka kwenda. Sasa dada yake hayupo wa kuulizwa.

Simu ikalia. Mkuu wa kituo.

"Inspekta, nasikia kambi ina mlinzi."

"Ndiyo, mkuu."

"Mgeni anakosekana usiku kucha, mlinzi yuko wapi? Kalala! Huyo ni uzembe uliosababisha kifo. Mweke ndani, kesho asubuhi apandishwe mahakamani."

"Mkuu, kuna michubuko mkononi mwa marehemu..."

"Labda ni yeye pia. Kesho asubuhi, Inspekta."

Mlinzi alikuwa kijana mpole, macho mekundu. Walimkalisha kwenye hema la kulia chakula. Mke wake alikuwa amejifungua juzi tu, na hata mtoto hajamwona.

"Ulilala?" aliuliza Inspekta.

"Sikulala, Afande. Haki ya Mungu."

"Mgeni hakurudi. Hukumtafuta."

"Alirudi! Yaani... taa yake ilikuwa inawaka."

"Taa gani?"

"Chemli. Kila hema lina chemli yake mlangoni. Tunamwambia kila mgeni akifika: ukienda mchangani iache imezimwa, ukirudi iwashe. Mimi giza likiingia napita naangalia. Taa inawaka, mgeni yumo, sibishi hodi. Haiwaki, tunaingia mchangani na matochi, wote, hata mpishi. Hatujawahi kupoteza mtu."

"Na yake ilikuwa inawaka."

"Inawaka vizuri kabisa. Nikasema, haya, fundi kalala zake bila kula." Sauti ikamkatika. "Afande, ningeiona imezimwa ningekwenda. Ningekwenda hata kwa miguu mitupu."

"Mimi nakuamini," alisema Inspekta. "Lakini imani yangu haisomwi mahakamani. Kule kituoni kuna mtu anataka kichwa cha mtu, na kilicho karibu ni chako."

Wakaenda kwenye hema. Chemli ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari, juu ya nguzo ya mlangoni. Mafuta yalikuwa yameisha, utambi umekauka. Inspekta alinyoosha mkono kuitoa. Akasimama kwa ncha za vidole. Hakuifikia.

"Nilete ngazi, Afande?" aliuliza sajenti.

"Kaa kimya uitoe. Vaa glavu."

Sajenti aliitoa bila hata kunyoosha kiwiko. Inspekta hakusogea. Alibaki akiutazama ule msumari, kisha akatazama chini. Kando ya mlango kulikuwa na ndoo iliyofudikizwa, na juu ya kitako chake duara la mafuta ya taa, kubwa sawasawa na kitako cha chemli.

"Mpishi," aliita. "Fundi alikuwa na kimo gani?"

"Mfupi, Afande. Samahani, hata kwako alikuwa anafika begani."

"Taa alikuwa anaitundika nani?"

Mpishi akaanza kusema, akanyamaza, macho yakamtoka. "Hakuna! Ijumaa alijaribu akashindwa. Akatutania, eti hii misumari mlimpigia twiga? Tukampa ndoo hiyo, akawa anaiweka hapo juu. Hata jana jioni nilipopita na chai, ilikuwa hapo, imezimwa. Alikuwa ameshapanda tutani."

"Basi aliyeiwasha jana si yeye," alisema Inspekta taratibu. "Na aliyeiwasha ni mrefu."

"Wafanyakazi wote wa hapa wanaufikia ule msumari," sajenti alinong'ona. "Hata mlinzi."

"Ndiyo maana tuna mtaalamu wa alama za vidole."

Mtaalamu alipaka unga wake kwenye kioo cha chemli. Kidole gumba kilitokea, kipana, safi kabisa, pale mtu anapokishika kioo kukinyanyua awashe utambi. Akachukua alama za mlinzi kabla hajapelekwa mahabusu, za mpishi, za kila mfanyakazi, na za wageni waliokuwa bado hawajaondoka. Adhuhuri haijapita, akatikisa kichwa.

"Si cha mtu yeyote wa hapa, Afande."

"Familia imeshaambiwa?"

"Mdogo wake wa kiume," alijibu sajenti. "Nilimpigia asubuhi. Kasema hawezi kuja kumtambua, hana wa kumwachia mama. Alilia sana."

"Hakuuliza kafaje?"

Sajenti akakuna kichwa. "Sasa ukisema hivyo... hapana. Hakuuliza."

Nyumba ilikuwa mwisho wa mtaa wa nyumba zinazofanana. Kwenye korido palikuwa na cherehani imefunikwa shuka, na pazia la kijani ambalo pindo lake liliishia katikati. Kupitia mlango wa jikoni Inspekta aliona sufuria iliyoungua, beseni la mashuka yaliyolowekwa, na bakuli la uji uliofanya ngozi juu.

Mdogo mtu aliingia ameinamisha kichwa ili asigonge mlango. Mtaani walimwita Ngongoti, na jina lilimfaa. Alikuwa hajanyoa, hajalala, na mikono yake hakujua aiweke wapi.

"Pole sana," alisema Inspekta.

"Nishapoa, Afande."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Na mama."

"Hukutoka?"

"Nitoke niende wapi? Nani abaki naye?"

"Naomba nimsalimie mama."

Ngongoti akasimama mlangoni, akaujaza. "Mama hajaambiwa. Tafadhali, Afande. Msimwambie leo."

"Nitamsalimia tu."

Mama alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha chuma, upande mmoja wa mwili hauna kazi, uso mzuri uliochoka. Jirani mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa amekaa naye na kijiko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mapazia? Fundi hayupo, kaenda kupumzika." Mama akashusha pumzi. "Mdogo wake alikwenda kumchukua jana, karudi peke yake. Eti kagoma. Hebu mpigie wewe, mwambie mama kasema nimemkumbuka. Wewe labda atakusikia."

Jirani aliangalia sakafu. Alikuwa ndiye aliyeachiwa mgonjwa jana jioni, na sasa hivi tu alikuwa ameelewa kwa nini.

"Nimekusikia, mama," alisema Inspekta. Akatoka, akaurudisha mlango polepole.

Ngongoti alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu mirefu imeziba korido. Hakukana tena.

"Nilikwenda na pikipiki," alisema.

"Saa ngapi?"

"Jua linazama. Nilimwona kutoka barabarani, kakaa juu ya tuta kama malkia. Nikapanda kumfuata."

"Ukamwambia nini?"

"Twende nyumbani. Akasema, narudi kesho. Nikamwambia mama hali! Toka Ijumaa anatema. Akasema atakula, mbembeleze, mwimbie. Nikamwambia mimi si mwanamke. Akaniambia," na hapo Ngongoti akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa, "akaniambia, 'na mimi si punda.' Akacheka. Hakukasirika hata, alikuwa anacheka tu. Hicho kicheko ndicho kilichonipandisha hasira."

"Ukamshika mkono."

"Nikamvuta. Akajivuta. Nikamwachia kwa hasira, nikamsukuma kidogo, akabiringika upande wa kule. Akapiga kelele, mguu wangu, mguu wangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema acha maigizo."

Sajenti aliyekuwa akiandika aliacha kuandika.

"Ukamwacha," alisema Inspekta.

"Nilidhani anajifanya! Nikasema, acha akae, na yeye asikie inakuwaje mtu ukiachwa peke yako. Siku mbili tu, Afande. Siku mbili zilinishinda. Mama lazima ageuzwe kitandani, afutwe, alishwe, akilia abembelezwe. Dada kafanya hivyo miaka yote na mimi nilikuwa nadhani... sijui. Nilidhani ni kazi nyepesi, kwa sababu alikuwa anaifanya huku anaimba. Nikaogopa ataonja raha za kule asirudi tena. Ndiyo hiyo tu. Sikuwa na ugomvi naye. Nilitaka arudi."

"Na taa?"

Akanyanyua uso. "Mmejuaje habari ya taa?"

"Nieleze."

"Nilipokuwa nateremka, giza lilikuwa linaingia. Watu wako kwenye chakula. Nikaona mtandio wake umeanikwa kwenye hema moja, na chemli ipo juu ya ndoo imezimwa. Moyo ukanirudi kidogo. Nikasema, akishachoka kununa atarudi, na kule kote ni mchanga mtupu, ataonaje njia? Nikaiwasha kwa kiberiti changu. Nikaitundika juu ili aione kwa mbali." Alijipangusa pua kwa mkono wa shati. "Halafu, si pana walinzi pale? Nilijua asiporudi watamtafuta. Nilikuwa na uhakika, Afande. Mbona hawakumtafuta?"

Inspekta alijua jibu, na alijua kwamba akilitoa, huyu kijana atalibeba mpaka kaburini. Alifikiria kulimeza. Baadaye, kwa miaka, angejiuliza kama hakupaswa kulimeza. Lakini kulikuwa na mtu mwingine mahabusu, na mtoto mchanga ambaye hajamwona baba yake, na maelezo yalipaswa kuwa kamili.

"Kule, taa ikiwaka mlangoni," alisema, "maana yake mgeni amerudi. Mlinzi aliiona. Ndiyo sababu hawakwenda."

Ngongoti alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha alisikia. Hakupiga kelele. Alijikunja pale chini, magoti yake marefu yakafika kidevuni, akaanza kujipiga kichwani kwa viganja, kimyakimya, ili mama asisikie.

Inspekta alimshika mikono mpaka ikatulia. Sajenti akamchukua alama ya kidole gumba, akaifananisha na picha ya ile iliyotoka kwenye chemli, akaitikia kwa kichwa. Inspekta akampigia mkuu wa kituo.

"Mwachie mlinzi, mkuu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alifanya kazi yake. Na mwambie aende moja kwa moja nyumbani kwake."

Alipokata simu, Ngongoti alikuwa amesimama, mikono mbele, tayari kwa pingu.

"Afande, nikuombe kitu kimoja. Wakati wa kumgeuza mama umefika. Nimgeuze, halafu twende."

Sajenti akamwangalia Inspekta. Inspekta akaitikia kwa kichwa.

Wakasimama mlangoni wakimtazama. Aliinama juu ya kitanda, akaingiza mikono chini ya mgongo wa mama yake, akavuta. Mama akaguna kwa maumivu. Akaacha, akajaribu tena kutoka upande mwingine. Jirani alitaka kusaidia, Ngongoti akakataa kwa kichwa.

"Sivyo," mama alisema, kwa upole wa mtu aliyezoea kufundisha watoto. "Mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Halafu unasubiri mimi nivute pumzi. Dada yako hafanyi kwa nguvu."

Akaweka mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Akasubiri. Mama akavuta pumzi, akageuka, uso ukaelekea ukutani.

"Eeh. Sasa umeanza kuelewa," alisema. "Akirudi mwambie akuonyeshe na yaliyobaki."

Ngongoti alikuwa anamfunika shuka. Hakujibu.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."