Pole na Msiba, Hilda

Stendi ya Mikumi mchana wa jua haina adabu. Basi la Iringa linapiga honi, la Dar linajibu, wauza vitunguu wanakimbilia madirishani, na spika ya muuza nyimbo inabweka kama mbwa aliyenyang'anywa mfupa. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Hildegarda, gauni jeusi limemkaa vizuri mpaka konda mmoja akasahau kuita abiria. Mkononi alishika ndoo ya maua meupe, akisubiri gari la hoteli ya watalii lije kuchukua mzigo.

Akamjia kijana mrefu, shati limepigwa pasi, kofia ya pama kichwani. Alipomfikia akaivua kofia na kuibana kifuani.

"Dada, pole sana na msiba."

Hilda akageuka nyuma kumtazama anayeambiwa. Palikuwa na mbuzi tu, na hakuonekana kufiwa.

"Msiba gani?"

Kijana akatikisa kichwa kwa huruma. "Ndivyo inavyokuwa siku za mwanzo. Mtu haamini."

"Kaka, hajafa mtu!"

"Alikuwa mzee, au kijana bado?"

Kabla Hilda hajajibu, mama mmoja wa vitunguu alikwishasikia neno msiba. Akatua beseni lake, akamkumbatia. "Lia, mwanangu. Usizuie, utapata vidonda vya tumbo."

"Mama, mimi nauza maua!"

"Hata kuuza utauza, lakini kwanza lia."

Muuza nyimbo akazima spika. Vijana wa bodaboda wakavua helmeti. Gari la hoteli lilipofika, dereva akaona watu wameshika mashavu, naye akazima injini, akashuka taratibu na kutoa kofia. Hapo Hilda akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka machozi yakamtiririka, na mama wa vitunguu akawageukia wenzake: "Afadhali sasa amelia."

Mfiwa asiye na maiti alipokwisha kupakia ndoo yake, yule kijana alikuwa bado amesimama pale, ameelewa, uso unamuwaka.

"Nisamehe. Nimeona nguo nyeusi, nimeona maua..."

"Kwa hiyo kwenu maua ni ya maiti tu?"

"Nimeyaona juu ya jeneza. Kwingine sijayaona."

"Basi Jumamosi njoo bustanini kwangu, barabara ya Kilosa, ukaone maua ya watu wanaopumua. Unaitwa nani, bwana mazishi?"

"Maduhu."

Maduhu alikuwa mtoto wa Mzee Shimba wa Masanze, Msukuma aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, naye pale Mikumi alikuwa na duka la dawa za mifugo. Chanjo aliijua, kupe aliwajua, ndama aliyekaa vibaya tumboni alimgeuza. Mwanamke mwenye ndoo ya maua ndiye ambaye hakumsomea.

Jumamosi akaja. Langoni kulikuwa na kibao, BUSTANI YA HILDA, NJOO UCHUME MWENYEWE, na chini ya kibao alikaa Shangazi Salome, dada wa marehemu baba yake Hilda, mjane mwenye macho yanayohesabu vifungo vya shati la mtu tangu barabarani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuchuma au umekuja kuchumwa?"

Maduhu akajikwaa pasipo na jiwe, akaingia.

Bustani ilikuwa ndogo, lakini ilijaa. Yalikuwepo ya njano yanayogeuza shingo kufuata jua, mekundu yaliyojikunja kama kilemba cha jogoo, na ng'ambo ya kisima, tuta la maua meupe kama nyota ambayo mbegu yake Hilda alipewa na masista. Watu walikuwa wameinama na mikasi yao: mwalimu anachumia mahafali, kijana fulani anachumia mtu aliyemkosea. Hilda alikuwa amevaa dera la kijani, amelifunga kiunoni kwa mtandio, miguu pekupeku yenye matope. Maduhu akaiona hiyo miguu na dunia ikapunguza kelele.

"Unashika hapa," Hilda alimwelekeza, "unakata hapa, juu ya jani. Usivute."

Maduhu akainama kwenye tuta jeupe, akavuta. Likatoka shina zima, mizizi na bonge la udongo.

"Maduhu! Nimesema nini?"

"Ukilikata linakufa, Hilda. Mimi nikichukua kitu, nakichukua kizima."

"Hii hasara nani atailipa?"

"Nipe adhabu."

Hilda akamtupia ndoo. "Kila shina unaling'oa, unamwagilia tuta zima."

Angejua! Tangu siku hiyo kila Jumamosi Maduhu alikuja, aling'oa, alimwagilia. Akimaliza anafunga mashina yake kwenye gunia bichi na kuondoka nayo kwenye pikipiki, amenyooka kama aliyembeba mkwe. Shangazi Salome akasema hajapata kuona mwizi anayefanya kazi kuliko mwenye mali.

"Unayapeleka wapi?" Hilda aliuliza.

"Nyuma ya duka langu. Njoo uone."

"Mtoto wa watu haendi nyuma ya duka la mwanaume. Hujui shangazi yangu?"

"Namjua. Leo kanikagua hadi soksi."

Na jioni, simu.

"Umelala?"

"Ningelala ningepokea?"

"Nimekukumbuka, mke wangu."

"Nani mkeo? Umekosea namba, kaka."

"Nimekosea sana?"

"Sana. Endelea tu kuongea."

Shangazi Salome akiwa chumba cha pili anakohoa, Hilda anahamisha simu sikio la pili, kana kwamba sikio ndilo lililokuwa linasikiwa.

Miezi ikapita, ndipo akaja Aneth, bibi harusi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alitaka maua meupe matupu, kanisani na ukumbini, na kamati yake nzima ingekuja Ijumaa jioni ichume yenyewe, kwa nyimbo na vigelegele. Hilda alikuwa hajawahi kupata harusi nzima. Hadi siku hiyo mjini walimwita yule dada wa kuuza majani, na Aneth alikuwa ameahidi kwamba mambo yakienda sawa atawaambia maharusi wote wa kuanzia hapo mpaka Kilosa. Yakiharibika angewaambia pia. Mdomo wa Aneth haukuwa na mlango. Hilda akaacha kabisa kuuza meupe, hata Maduhu akakatazwa kuligusa lile tuta.

Alhamisi asubuhi Hilda alipokuwa sokoni, mzee mmoja alisimama langoni na fimbo yake na ng'ombe wawili wanene anaowapeleka mnadani. Aliomba maji ya kunywa. Maji yanapatikana kila mahali barabara ile, lakini Mzee Shimba alikuwa amesikia mwanawe anamwagilia maua ya mwanamke, akaona hayo si mambo ya kuhadithiwa. Shangazi Salome alimwona mzee ana heshima, amenyooka, meno yote yapo. Akaenda kumtafutia kiti. Akarudi kumtafutia kikombe kizuri. Akarudi tena kubadili khanga. Katika safari hizo zote lango lilibaki wazi.

Hilda aliporudi alikuta wazee wako kwenye habari za mvua za zamani, na ng'ombe wako kwenye tuta jeupe, wanatafuna kwa utulivu wa watu walioalikwa. Lilibaki ua moja, nalo lilikuwa linaning'inia mdomoni.

Mzee Shimba aliinuka, akajitambulisha, akaomba radhi kwa Kiswahili, akaongeza kwa Kisukuma, akawachapa ng'ombe wake. Hilda hakusikia. Alikwenda kukaa nyuma ya kisima, akampigia Maduhu huku analia.

"Ng'ombe wa baba yako wamekula maua ya Aneth. Yote!"

Sasa hapa panahitaji akili, na akili Maduhu aliiacha dukani kwenye friji ya chanjo.

"Wamekula mengi?" aliuliza kwa haraka. "Ulipulizia dawa lini? Matumbo yao yamevimba upande wa kushoto?"

Hilda akafuta pua kwa mtandio.

"Hilda? Watazame upande wa kushoto."

"Maduhu, mimi nalia, wewe unaniuliza matumbo ya ng'ombe?"

"Hapana, mpenzi, ila wakivimba..."

"Nenda kawaoe hao!"

Akakata. Akamfungia namba. Akafungua tena ili aone kama atapiga, simu ikaita hapo hapo, akafunga kwa hasira ya kweli.

Usiku hakula. Kilichomuuma zaidi ya tuta ni kwamba alikuwa ameshaanza kujiona katika nyumba ya mtu huyo, amechagua hata rangi ya mapazia, kumbe katika nyumba hiyo angekuwa wa tatu, nyuma ya ng'ombe wote wawili.

Ijumaa alfajiri ikaita simu ya Shangazi Salome, ile ya tochi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?" Shangazi akasikiliza, akaguna, akasikiliza tena. Halafu akamgeukia Hilda. "Anasema uende nyuma ya duka lake. Na ndoo, na mkasi."

"Siendi. Wewe si ndiye uliyesema mtoto wa watu haendi?"

"Nilisema mimi, na leo nasema nenda. Kwanza lile lango..." Shangazi akaangalia dari. "Lile lango nililiacha wazi mimi. Mgeni alikuwa hana kiti."

Hilda akamtazama, akatazama ile khanga mpya aliyoivalia mgeni jana, imekunjwa kitandani, akaelewa zaidi ya alichoambiwa. Akaoga. Akavaa gauni la bluu lenye mabega, akachana nywele, akajipaka mafuta yanayonukia mpaka barabarani. Hakuwa anakwenda kupatana. Alikwenda ili huyo mtu aone vizuri anachokikosa.

Duka lilikuwa limefungwa. Akazunguka nyuma, na ndoo ikamponyoka.

Uwanja mzima ulikuwa mweupe. Maua ya nyota, safu kwa safu, kutoka ukuta wa duka hadi mti wa mpapai, marefu hadi kiunoni, kila moja limefumbuka kama kisosi. Kwenye mpapai kulitundikwa boksi la dawa lililochanwa, limeandikwa kwa mkaa: NJOO UCHUME MWENYEWE. Chini yake Maduhu, shati limelowa, macho mekundu.

"Haya ni yangu," Hilda alinong'ona.

"Ni yako. Ndiyo yale niliyokuwa naadhibiwa kwayo. Yalizaa, nikayagawa, yakazaa tena."

"Mbona makubwa hivi? Ya kwangu hayajawahi kufika hapa. Umeyapa nini?"

Maduhu akakuna kichwa. "Samadi. Ya ng'ombe wa baba."

Kumbe ng'ombe walikuwa wamekula kwa mbele deni walilokwisha kulipa kwa nyuma. Hilda alibana mdomo asicheke, ukamsaliti pembeni.

"Jana ulinikosea."

"Sana. Kwetu tumezoea, mtu akipiga simu analia, unauliza ng'ombe kwanza, kwa sababu mtu anaweza kusema anapoumwa. Nikasahau kwamba wewe ulikuwa unasema."

"Na ulitakiwa uniambie nini kwanza?"

"Pole, Hilda."

"Stendi pole uliitoa bure, hata hajafa mtu. Jana nimefiwa kweli ukaninyima!"

"Pole, mama. Pole, mpenzi wangu. Pole na tuta, pole na Aneth, pole na baba, pole na..."

"Inatosha, utazimia. Shika ndoo."

Akakata, akakata, Maduhu akibeba. Aliacha safu za mwisho kwa ajili ya kamati ichume yenyewe, maana ndivyo ilivyoahidiwa, na jioni kamati ikaja nyuma ya duka la dawa za mifugo kwa nyimbo na vigelegele, Aneth mbele, akisema kwa sauti kwamba tawi jipya la bustani ni zuri kuliko la zamani.

Lakini kabla hawajafika, ndoo zilipokwisha kujaa, Hilda alibaki ameinama mbele ya shina moja. Mkasi akauweka chini. Akalishika shina karibu na ardhi, akalivuta. Likatoka zima, mizizi inachuruzika udongo juu ya gauni la bluu.

"Hilda! Si umesema tusivute?"

"Mimi nikichukua kitu," akasema, naye sasa akiuangalia udongo maana macho yalimshinda kuinua, "nakichukua kizima."

Maduhu akavua kofia, akaibana kifuani, kama siku ile. "Basi nichukue. Nilitaka baba aje na wazee, aseme vizuri kwa utaratibu. Lakini umenitangulia. Utaolewa na mimi, Hildegarda?"

"Nitalipanda wapi hili?"

"Utakapokaa."

"Nitakapokaa pawe na ua wa miti, mrefu. Na lango. Na ng'ombe wasilijue."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ungekuwa ng'ombe ungeshaelewa."

Jumamosi waliyapeleka maua kanisani wakiwa pamoja, na njia ilikuwa ya stendi. Maduhu alivaa suti nyeusi ya kuazima, Hilda lile gauni jeusi, maana lilimkaa, na kila mmoja ndoo mkononi. Basi la Iringa lilikuwa linapiga honi, la Dar linajibu. Mama wa vitunguu akawaona kwa mbali. Akatua beseni.

"Jamani, yule binti tena! Safari hii na mwenzake! Poleni, wanangu. Nani tena amefariki?"

Spika ikazimwa. Helmeti zikavuliwa. Hilda akafungua mdomo kueleza, Maduhu akamgusa mkono, akasogea mbele, akainamisha kichwa.

"Asanteni sana. Ni ukapera wangu. Umefariki jana asubuhi nyuma ya duka. Haukuugua."

Stendi ikalitafuna hilo neno. Kisha mama wa vitunguu akapiga kigelegele kilichomwamsha hadi dereva wa lori aliyelala chini ya lori lake.

"Na mazishi lini?"

"Baba yake anakuja kuonana na shangazi yangu," alijibu Hilda. "Tarehe watapanga wao. Hawana haraka, wale wawili. Tangu Alhamisi, mara ya tatu hii baba anakuja kuomba maji."