Kidonda cha Mpishi

"Nani amekufunga kidonda hiki?" mwalimu aliuliza.

"Nimejifunga mwenyewe," mpishi akajibu.

Uongo mtupu. Kidole kile kilifungwa asubuhi na binti aliyesimama hapo kando ya mwalimu, koti jeupe likimpwaya, akifanya mtihani wa mwisho wa cheti cha awali cha afya ya jamii: kukagua jiko la mgahawa. Alikiosha, akakisafisha usaha, akakifunga, kisha akamkataza mwenye kidole kugusa chakula. Mpishi aliapa kwamba leo atasimamia tu. Wateja walipofurika, kiapo kikaota mbawa, na sasa alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Chuo kiliwaeleza wazi: mwanafunzi hakagui jiko la mtu wake. Kura ikimwangukia, aseme, abadilishiwe. Lakini binti angesema ni mtu wake yupi? Walikuwa mwaka wa pili wa mapenzi, na mama wa mpishi, mwenye mgahawa, hajaambiwa lolote. Kila mara binti akigusia, mpishi humjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Hata alipomjulisha mpishi kwamba anakuja kukagua, alipata ujumbe: "Basi leo tusijuane, mpenzi. Nataka ufaulu."

Mwalimu aliinama, akalitazama tena lile fundo la bandeji.

"Fundo hili nalifundisha mimi darasani. Huyu binti unamjua?"

"Simjui."

Alisema ili amwokoe, na binti alilielewa hilo. Likamuuma vilevile.

"Ananijua," binti akasema. "Nimemfunga mimi. Ni mchumba wangu, ila mama yake ndiyo kwanza anasikia."

Mama, aliyekuwa kaunta, alimtazama binti kuanzia juu hadi chini. Kisha akamwambia mwanawe avue aproni, na akaivaa mwenyewe.

Mwalimu hakugomba. Mtihani umefutwa, alisema, atarudia mwezi ujao kwenye jiko jingine. Na mpishi asiguse chakula mpaka apone.

Mpishi akamfuata binti barabarani.

"Si ungenyamaza tu? Nilikuwa nakusaidia upate cheti."

"Cheti nitakipata. Wewe unanisaidia kila siku kwa kunificha. Nimechoka kusaidiwa."

"Nipe muda nimzoeshe mama."

"Mama hana shida, mwenye shida ni wewe. Usinipigie mpaka uweze kunijua mbele za watu."

Akaondoka. Alilia usiku huo, asubuhi akafungua madaftari. Mpishi hakupiga simu, na binti alikuwa anaitazama simu yake mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri.

Mwezi uliofuata alikagua jiko la shule, akakuta maji ya kunywa hayana mfuniko, akasema bila kupepesa macho. Akafaulu.

Siku ya kupewa cheti alirudi nyumbani akakuta wageni sebuleni. Mpishi alikuwa kwenye mkeka, katikati ya mama yake na mjomba wake, jasho likimtoka. Baba wa binti ndiye aliyekuwa akiuliza.

"Na wewe kijana, binti yangu umemjulia wapi?"

"Jikoni kwetu, mzee, nilisema simjui. Nilidanganya, mama alikuwepo akasikia. Nimemleta asikie na ukweli. Nampenda, nataka kumuoa."

Baba akamgeukia binti. Sebule nzima ikamsubiri.

Binti alimkabidhi baba yake cheti, akavuka sebule, akaketi mkekani karibu na mama mkwe.