Komenti Niliyoifuta

"Soma," aliniambia. "Si wewe ndiye mwandishi? Soma."

Alikuwa amenishikisha simu ya marehemu. Mlango wa chumba alikuwa ameshaufunga kwa ufunguo. Nje nilisikia wanawake wakipanga viti vya msiba, mmoja anauliza kama maji ya kunywa yatatosha.

Nilikuwa nimekuja kulia kama wengine.

Aliyenipa simu ile ni msusi wa nywele wa mtaani kwetu. Marehemu alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Lakini siku ile aliniangalia kama unavyomwangalia mtu uliyemkuta na mkono ndani ya mkoba wako.

Nikasoma. Nilipomaliza nikakaa sakafuni.

Wengi wenu hapa mnanijua kwa simulizi zangu. Leo nawaandikia yangu mwenyewe, na sijipaki rangi.

Mchana nipo kibandani, nachapa barua za watu na kutoa kopi. Kati ya mteja na mteja ndipo naandika. Miaka minne nimeandika hivyo, mashine ya kopi inanguruma pembeni, na nyie mkanipokea. Mkaongezeka mpaka nikashindwa kuwasoma wote.

Mwaka jana nikaanza riwaya ya binti anayezaa kwa siri. Tatizo mimi sijawahi kuzaa, wala kuingia chumba cha kujifungulia. Kila nikiandika naona naongopa. Mtu akaniambia, nenda kwa Mama Mizani.

Mama Mizani alikuwa mkunga mstaafu. Jina hilo walimpa wodini, kwa sababu miaka thelathini na saba hakukubali mtoto apimwe na mtu mwingine yeye akiwa zamu. Hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Watu walikuwa wanamtania kwamba amepima watoto wa mji mzima akasahau kujiwekea mmoja, naye anacheka nao.

Nikawa naenda kila Jumamosi mchana, miezi mitatu, na daftari langu. Alinifundisha kila kitu. Kitovu kinafungwa wapi. Kitambaa kinawekwa kwanza kwenye mizani, ndipo mtoto, halafu unatoa uzito wa kitambaa, la sivyo unamdanganya mama yake. Mzazi asiyepiga kelele ndiye wa kumtazama zaidi.

Alikuwa na vituko yule mama. Aliniambia wanaume wanaozimia ni wale walioingia wakijisifu, na kwamba yeye alikuwa akiwawekea kiti mapema, kimyakimya.

Jumamosi moja akanisimulia habari ya mwanafunzi wa uuguzi.

Binti wa miaka ishirini na mbili, mwaka wa pili chuoni. Alificha mimba chini ya aproni mpaka mwezi wa nane, maana ikijulikana anafukuzwa, na kwao walikuwa wameuza shamba ili asome. Akajifungua mtoto wa kike. Dereva mmoja wa lori na mkewe walikuwa wamepoteza mtoto wao wiki ileile, wakakubali kumchukua.

Binti aliomba ampime mwenyewe. Akamvisha. Akampitisha mlango wa nyuma, wa chumba cha kufulia mashuka, akamkabidhi. Kisha akasimama dirishani mpaka lori likapinda kona. Na lilipopinda, bado alisimama.

Akajifunga bandeji kifuani kuzuia maziwa, akarudi zamu.

Mimi kalamu ilikuwa inakimbia. Nikamuuliza kama naweza kuiandika.

Akaangalia dirishani, akaangalia mikono yake.

"Andika," akasema. "Ila usimfanye mbaya."

Nikamuahidi. Mnisikie vizuri hapo. Nilimuahidi kwa mdomo wangu.

Nilipoanza kuposti niliiandika kama alivyonipa. Sehemu ya kwanza mpaka ya kumi, binti analia, anahangaika, anaogopa. Na nyie mkaanza kupungua. Mmoja akaandika, mwandishi unatulaza. Mwingine, stori imepoa kama uji wa jana. Kila nikifungua simu nakuta namba imeshuka.

Hapo ndipo shetani wangu alipovuta kiti.

Sehemu ya kumi na moja nilibadilisha. Binti wangu akamtoa mtoto mlangoni kama mtu anayetoa takataka, akakung'uta mikono, akacheka, na jioni akaenda kucheza muziki na wenzake.

Mnakumbuka ilivyolipuka? Komenti elfu nne ndani ya siku mbili. Watu wakashea mpaka nisikokujua. Nyoka. Mchawi. Hafai kuitwa mwanamke. Hata mbwa hamtupi mwanawe. Na mimi nikawachochea, nikaandika chini yake, mngempata mngemfanya nini? Mkanijibu. Majibu mengine siwezi kuyarudia hapa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilimwaga ndoo nzima.

Siku ileile ya kwanza kulikuwa na komenti moja iliyokuwa inanikera. Akaunti haina picha, jina lake Msomaji tu. Iliandika neno moja: "Hakucheka."

Wenzake wakamrukia. Mmoja akamuuliza kwani alikuwepo? Akajibu kwamba alikuwepo. Wakamcheka kweli. Akaandika tena kwamba binti hakucheka, kwamba alisimama dirishani.

Nilidhani ni mtu wa fujo anayetaka kuniharibia stori. Nikamjibu kwa dharau, nikamwambia hadithi ni yangu, atulie asome. Alipoandika tena, nikafuta komenti zake zote na kumblok.

Ilinichukua sekunde mbili. Nikarudi kutoa kopi.

Jumamosi zikapita bila mimi kwenda kwa Mama Mizani. Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitaka, ndio ukweli. Nilipokuja kupita, wiki ya tatu hivi, nilimkuta amekonda. Moyo wake ulikuwa na shida tangu zamani, alikuwa anatumia dawa. Nikamuuliza kama anasoma simulizi. Akasema msusi alimfungulia akaunti ili anifuate.

"Umeionaje?" nikamuuliza, najichekesha.

"Umekosea uzito," akasema. "Umeandika kilo tatu. Alikuwa kilo mbili na gramu mia nane."

Nikacheka. Nikamwambia mama, kweli unakumbuka uzito wa mtoto mmoja kati ya maelfu? Akaniambia ameishiwa nguvu, anataka kulala. Nikaondoka.

Sasa sikilizeni hili nalo.

Wiki mbili baadaye nikapata ujumbe inboksi. Mwanamke wa miaka arobaini, fundi wa kukata vioo vya miwani. Alinieleza kwa heshima sana. Amelelewa na dereva wa lori na mkewe. Mama aliyemlea, kabla hajafa, alimwambia kwamba alizaliwa na mwanafunzi wa uuguzi, akatolewa kwa mlango wa chumba cha kufulia. Miaka sita amekuwa akimtafuta mwanafunzi huyo. Kadi yake ya kliniki bado anayo, kilo mbili na gramu mia nane.

Nilisimama pale kibandani, mteja ananisemesha simsikii.

Mwishoni aliandika: "Dada, naomba unijibu jambo moja tu. Ni kweli alicheka?"

Wasomaji wangu, jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lakini nikisema hakucheka, naonekana muongo mbele ya watu elfu nne. Na nilikuwa nimeshaanza mazungumzo ya kuchapa kitabu. Nikajipa sababu kwamba nalinda siri ya Mama Mizani na ya binti yule.

Nikamwandikia kwamba hadithi imetungwa, ila imetokana na mambo ya kweli.

Hayo tu. Nikamwachia achague mwenyewe.

Alijibu baada ya saa moja. Alinishukuru. Akasema basi ameacha kutafuta, kwa kuwa mtu aliyekutoa huku akicheka hataki kutafutwa.

Sikumrudishia neno. Nilijiambia nitakwenda kwa Mama Mizani kwanza, nimuulize kama anajua yule binti yuko wapi. Wiki hii kazi nyingi. Wiki ijayo. Wiki zikawa tano.

Ndipo nikapigiwa simu kwamba Mama Mizani amefariki hospitali, asubuhi, moyo umesimama.

Sasa mnajua nilichosoma mle chumbani. Ilikuwa ile akaunti isiyo na picha. Mle ndani zilikuwepo zile komenti alizokuwa amezinakili kabla hazijafutwa, na jibu langu la dharau chini yake. Kisha jumbe tisa alizonitumia ambazo hazikunifikia, kwa sababu nilishafunga mlango. Katika mmoja aliandika hivi: mwanangu, kama hutaki kubadilisha, basi waambie tu waache kumtukana.

Nikamwambia msusi kwamba sikujua akaunti ile ni ya shangazi yake.

"Hilo nimeshaelewa," akasema. "Aliniambia Jumatano, siku mbili kabla hajafa. Yule mwanafunzi ni yeye."

Akaongeza kwamba kila siku shangazi yake alikuwa anamwomba amsomee komenti mpya, macho yake yakichoka. Naye msusi, bila kujua, alikuwa anamsomea kwa akaunti yake mwenyewe. Nyingine alikuwa anaziunga mkono. Alikuwa anamwambia shangazi yake kwamba kweli mwanamke yule ni nyoka.

Aliposema hivyo ndipo akalia. Na mimi sikuwa na ruhusa hata ya kumshika bega.

Nikasimama, nikamwambia yupo mtoto. Nikamwonyesha inboksi yangu. Alisoma mpaka mwisho, akasoma na tarehe. Akanirudishia simu.

"Mpigie. Hapahapa, nasikia."

Nikapiga. Fundi miwani alipokea, mashine ya kukatia vioo inalia nyuma yake. Nikajitambulisha. Nikamwambia mama yake hakucheka. Nikamwambia yote: dirisha, lori, bandeji, zamu, na msiba huu. Ile mashine ikazimwa.

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua hakucheka. Kwamba ni yeye, nimejua leo."

"Na siku ile alikuwa hai?"

Nikamwambia alikuwa hai. Nikamwambia alikaa mtaa wa tatu kutoka kibandani kwangu.

Akauliza mazishi ni saa ngapi.

Alisafiri usiku kucha, akafika kesho yake saa nne asubuhi, na magauni mawili kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa na paji la uso la Mama Mizani, kila mtu aliliona, minong'ono ikazuka na msusi akaizima kwa jicho moja. Akamshika mkono, akamwingiza alikolazwa marehemu, akatoka akawaacha wawili.

Alikaa mle karibu saa nzima.

Mimi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alipita mbele yangu kama unavyopita karibu na kiti.

Sehemu ya kumi na moja nimeifuta. Kitabu nimekiondoa kwa mchapishaji. Najua haisaidii, maji yakimwagika hayazoleki, na wale elfu nne wameshaondoka na mwanamke anayecheka vichwani mwao. Ndiyo maana naandika hapahapa mlipomsoma. Hakucheka. Kama mlishea ile, nawaomba mshee na hii.

Na wewe unayeandika kama mimi, mtu akikuletea kisa cha "binti mmoja", kipokee kwa mikono miwili. Huenda amekizunguka miaka arobaini kabla ya kukifikisha mlangoni kwako. Na nyie wa komenti, mnayemtukana anaweza kuwa amekaa kitandani, anasomewa.

Nilibaki mpaka watu walipotawanyika baada ya mazishi. Msusi na fundi miwani walikuwa wamekaa ukumbini, sanduku la nguo liko wazi kati yao. Fundi alikuwa anauliza. Alipenda rangi gani? Alikuwa anaimba akifanya kazi? Alikuwa anaogopa nini? Alilala upande gani?

Msusi alikuwa anajibu moja baada ya jingine, polepole, bila kukosea.

Nilisimama mlangoni na daftari langu mkobani, kurasa mia na ishirini zimejaa. Miezi mitatu nilimuuliza yule mama maswali. Sikumuuliza hata moja kati ya hayo.