Wazo Alilolificha Yusta

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, Yusta alikuwa ameshafua. Alifua mashuka na vitambaa vya bibi yake kwa maji yaliyouma vidole kama siafu, akavianika uani, ingawa baridi ya Juni haikaushi kitu. Kisha alimgeuza bibi ubavu wa pili, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. "Meza, bibi, kidogo tu," alimbembeleza. Ndipo alipovaa sare na kukimbia shuleni, akiwa tayari amechelewa.

Tangu kiharusi kimwangushe, Bibi Matilda hakutembea wala kusema. Baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, na habari zake zilikuwa haba. Mama alidamkia kuchuma chai, akarudi jioni mgongo umepinda.

Siku moja Yusta alipoingia darasani, mwanafunzi mwenzake Masumbuko aliziba pua. "Fungueni madirisha jamani, mikojo imefika!"

Darasa zima lilicheka. Yusta hakulia. Lakini moyoni mwake wazo lilipita: Bibi angekufa tu, nikapumzika. Hakulitamka, na hakuna aliyelisikia.

Jioni ile bibi alikataa uji. Kesho yake alikataa tena. Muuguzi wa zahanati alikuja, akampima, akamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba mwili umechoka na dawa haipo. Yusta aliganda mlangoni. Katika mafundisho ya kipaimara walifundishwa kwamba Mungu huyaona hata mawazo yaliyofichwa. Basi amelisikia, aliwaza. Amenipa nilichotaka.

Jumatano, siku ya sala ya kila wiki, wanajumuiya wa kanisa walikusanyika nyumbani kwao kumwombea mgonjwa. Baada ya wimbo, mzee wa kanisa, Mama Evarista, alisema, "Leo aombe Yusta. Mjukuu kama huyu, wangapi wanaye?"

Yusta alisimama. "Baba yetu wa mbinguni..." Akaishia hapo. Akatoka mbio hadi jiko la nje.

Mama Evarista alimfuata. "Kuna nini, mwanangu?"

"Nisiombe mimi, mama. Mimi ndiye ninayemuua."

"Unamuua kwa kitu gani?"

"Kwa wazo." Akamweleza yote, uso ukiwa magotini.

Mama Evarista hakushtuka. Alivuta kigoda, akaishika mikono ya mtoto na kuitazama ilivyopasuka. "Mungu hakulisikia wazo hilo peke yake. Alisikia na uchovu uliolizaa. Alisikia pia unavyombembeleza bibi yako ameze. Wewe umeshika uzi mmoja, Yeye anaiona nguo nzima."

"Basi bibi atapona?"

Mama Evarista alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Sitakudanganya. Ni ugonjwa na uzee. Wazo lako halikukileta kifo, na machozi yako hayatakizuia."

Yusta alilia mpaka akaishiwa pumzi. "Sasa nimwambie nini Mungu, na yote anayajua?"

"Mwambie hayo hayo. Hatumwambii ili ajue. Tunamwambia ili tusibaki nayo peke yetu."

Wakarudi ndani. Yusta alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, nimechoka. Niliwaza bibi afe. Sitaki afe." Bibi hakufumbua macho. Mama alijifunika uso kwa khanga.

Kuanzia kesho yake wanawake wa jumuiya walipokezana kufua, na Yusta akawahi shuleni kengele ikilia. Jumapili, watu wakiwa kanisani, Bibi Matilda alikata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa Yusta.

Baada ya maziko, jirani mmoja, Anjela, alisema, "Mtoto ameteseka vile, sisi hatukujua!"

"Mungu alijua," alijibu Mama Evarista, akimsogeza Yusta karibu naye. "Anayaona ya moyoni, sisi hatuwezi. Lakini mikono hii ilikuwa wazi mbele yetu kila Jumatano, na tuliimba tu. Asiyeweza kuona moyo wa mwenzake, amuulize."